Injini Iliyokataa Kuzimika

Dokta Warigia alifundisha injini za meli katika chuo kimoja mjini Machakos, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni ya bwawa la Maruba. Profesa Nzomo, mkuu wa idara, hakuacha kumkumbusha. "Hapa tutapandisha nani melini? Mbuzi?" angeuliza mbele ya wanafunzi, nao wangecheka, kwa kuwa mwenye kugawa alama hachekeshi akakosa wa kucheka.

Chuki yao ilikuwa na chanzo. Mara tu alipoajiriwa, Warigia alisimama kwenye semina akaonyesha kosa la hesabu katika utafiti wa Nzomo kuhusu moshi wa dizeli. Alikuwa sahihi. Tena alifurahia kuwa sahihi, na Nzomo aliiona ile furaha. Tangu hapo maombi yake ya kupandishwa cheo yalikwama, vipindi vyake vingi vikasukumwa Ijumaa jioni, na ofisi yake ikahamishiwa kando ya vyoo. Naye Warigia hakuwa malaika. Salamu za Nzomo aliziitikia kama mtu anayetema kokwa.

Kitu ambacho Nzomo hakuweza kumnyang'anya ni injini yake ya utafiti, dizeli kubwa iliyotolewa kwenye boti kuukuu ya kuvutia meli, ambayo Warigia aliiomba bandarini Mombasa na kuipandisha bara kwa lori. Aliitumia kuchunguza jinsi mafuta ya mbegu za pamba yanavyoungua. Muhula ule aligundua kwamba turbo, ile sehemu inayoisukumia injini hewa, imeanza kuvuja. Alimwendea Nzomo karakanani, fundi Kyalo akiwa pale pale.

"Isiwashwe, Prof. Sili ya kuzuia oili imekwisha. Ikianza kuvuta oili yake yenyewe, hutaweza kuizima."

"Wageni wa chuo cha mabaharia wanakuja Jumatano. Waikute imelala?"

"Waikute imelala."

"Wewe mama, hii idara ni yangu."

Jumatano Warigia alikuwa darasani ghorofa ya juu aliposikia ngurumo. Akajua imewashwa. Kisha sauti ikapanda, ikazidi kupanda, mpaka ikawa kilio na vioo vya madirisha vikatetemeka. Aliacha sentensi katikati, akateremka ngazi mbio, na Lavender, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, akamfuata.

Karakana ilikuwa imejaa moshi. Wageni walikwisha kukimbilia uwanjani. Kyalo alikuwa amechuchumaa ukutani, ameukumbatia mkono uliorukiwa na oili ya moto. Nzomo alikuwa amening'inia kwenye mkono wa kufungia mafuta, akiufunga, akiufunga tena.

"Nimefunga!" alipiga nduru. "Nimefunga na haizimi! Uuuwi, nisaidieni!"

Warigia alisimama mlangoni akamtazama. Ilikuwa nukta moja tu, lakini alijua ilikuwa nukta ya kutaka kumwacha.

Kisha akanyakua kipande kipana cha plaiwudi, akakibandika kwenye mdomo wa kuvutia hewa, akakiegemea kwa kifua chote. Lavender akaongeza uzito wake. Injini ikanyimwa pumzi, ikatetemeka, ikakohoa, ikafa.

Kwenye kikao cha uchunguzi Nzomo alisema hakuwahi kuonywa. Kyalo akaulizwa. Aliutazama mkono wake uliofungwa bendeji, kisha sakafu.

"Sikumbuki, mkubwa. Kulikuwa na kelele."

Siku ya onyo karakana ilikuwa kimya, na wote watatu waliokuwapo walijua. Warigia alijua sababu. Kyalo alikuwa na watoto shuleni Masii na kandarasi iliyokaribia kwisha. Hata hivyo ilimuuma.

"Niko na swali moja kwa Prof," Warigia alisema. "Ulipofunga mafuta na injini ikaendelea, ilikuwa inachoma nini?"

"Ilikuwa... presha."

"Presha haiungui. Ilikuwa inachoma oili yake, kama nilivyokuambia."

Mwenyekiti alikohoa. Wote wawili, Nzomo na Warigia, wakapewa onyo, kana kwamba mwizi na mwenye nyumba wamekutwa kwenye dirisha moja.

Mmoja wa wageni, Kapteni Salah, hakusahau alichokiona. Alimpigia Warigia simu akampa nafasi ya kufundisha Pwani, kwenye karakana iliyojaa injini, madirisha yake yakitazama bandari. Habari zilimfikia Nzomo, naye akaja hadi ile ofisi ya kando ya vyoo, kwa mara ya kwanza.

"Nasikia wanakutaka. Nitakusifu kwao, hutakwama."

Macho ya Nzomo yalimkwepa. Warigia akaelewa: mtu huyu hawezi kuishi jengo moja na aliyemsikia akilia.

"Nilikuokoa, Prof. Hujasema asante."

"Sikukuomba."

"Ulipiga nduru."

Uso wa Nzomo ulikakamaa. "Utaenda ama huendi?"

"Siendi. Na mlango ufunge ukitoka, hii harufu ni zawadi yako."

Wiki iliyofuata, yeye na Lavender walikuwa wakiifungua turbo.

"Dokta, wanasema umekataa kazi ya Pwani. Ni kwa sababu yetu?"

Warigia angependa kusema ndiyo. Aliiona ile bandari, meli zikiingia, na wanafunzi ambao wasingeuliza injini hizi ni za nini. Vyote hivyo alikuwa ameviacha ili mtu mmoja asipate kupumua.

"Hapana," alisema. "Nipe spana kubwa. Hii nati imeshika kutu."