Pumzi ya Bibi Vaimoana

Mwalimu Maikolo alipowaambia vijana wa bendi ya shule kwamba muhula ule kila mmoja atajirekodi nyumbani kwa simu, wavulana wa matarumbeta makubwa walishangilia kama waliopewa likizo.

"Msifurahi," akasema. "Simu haina huruma kama mimi. Ukikosea, inakuonyesha ulipokosea."

Akawakusanya mezani, akawaonyesha taratibu. Hapa unaweka mdundo wa kuhesabu, unausikia wewe peke yako masikioni. Hapa unarekodi sauti ya kwanza, kisha ya pili juu yake, kila sauti na mstari wake kwenye kioo, kama ukili kabla haujashonwa mkeka. Mstari mmoja waweza kuunyamazisha, mwingine ukaupandisha. Hata mtu aliye mbali waweza kumtumia, akaimba hukohuko aliko, akakurudishia, ukaunganisha.

Telesia, aliyekuwa akisugua tarumbeta lake kwa upindo wa sketi, akainua uso. "Mbali kiasi gani, Mwalimu?"

"Hata Australia."

"Anataka mamake aje amshikie tarumbeta," Viliami akasema kutoka nyuma, wenzake wakaangua kicheko.

"Lako hata akishika mbuzi litalia vizuri kuliko ukishika wewe," Telesia akamjibu.

Lakini neno lilikuwa limeshamwingia. Mama yake, Lesieli, alikuwa Australia akichuma nyanya, msimu wa pili huu bila kutia mguu kisiwani kwao, Vava'u. Tangu aondoke, tenzi za sala ya jioni nyumbani kwao zilikuwa na pengo. Bibi Vaimoana aliimba sauti ya juu, Mjomba Semisi besi, Telesia akapiga ya tatu kwa tarumbeta. Sauti ya pili ilikuwa ya Lesieli, na hakuna aliyeigusa. Kiti cha mtu aliye hai hakikaliwi, ndivyo Bibi alivyosema.

Jumamosi asubuhi wakarekodi. Telesia alifunga madirisha, akatandika mikeka ya mkadi na kutundika blanketi mlangoni ili sauti isigonge kuta, kama alivyofundishwa. Kuku wakafukuzwa hadi kwa jirani. Alipokwisha kubonyeza simu, Mjomba Semisi, asiyeanza jambo bila sala, akafumba macho akaanza kusali. Akaliombea kanisa, akamwombea mfalme, akawaombea wagonjwa, wavuvi, minazi, hata simu yenyewe.

"Mjomba, umeimaliza nafasi yote ya simu!"

"Basi mtumie hiyohiyo. Mamako anahitaji maombi kuliko nyimbo."

"Mjukuu wangu, utafuta sala?" Bibi akashtuka. Kisha akafikiri kidogo. "Haya, futa. Mungu keshasikia."

Wakaanza upya. Bibi aliimba na kisikilizi sikioni, uso ameukunja. "Kuna mtu ananigongea mlango humu ndani," akanung'unika, lakini akaenda nao mdundo, mkono ukipiga paja. Shida ilikuwa kwenye ubeti wa pili. Kwa uzee wake, katikati ya mstari mmoja Bibi ilimlazimu kuvuta pumzi, ndefu, yenye mluzi kwa mbali. Kwenye sala ya jioni wote humngoja. Mdundo haukungoja. Alipokaa baadaye kuangalia kioo, Telesia aliiona ile pumzi kama shimo barabarani. Naye alitaka kumpelekea Mwalimu Maikolo kazi isiyo na doa. Akaikata, akazivuta ncha mbili zikakutana, wimbo ukalainika kama nywele zilizopakwa mafuta ya nazi. Akamtumia mama yake.

Jua lilikuwa likielekea kuzama sauti ya Lesieli ilipoingia. Haikuwa ya kuimba.

"Telesia, mwanangu. Nimejaribu na kujaribu. Nikifika pale, natandaza sauti yangu nimfunike Mama apumue, nakuta yeye ameshapita. Mama hapumui. Yule si mamangu, ama mmemweka mtu mwingine, ama kuna jambo mnanificha. Kama hali yake si nzuri, niambie. Nitaomba ruhusa, nije."

Nije. Telesia alilirudia neno hilo simu ikiwa imebanwa sikioni. Akamwona mama yake akishuka kwenye ndege ndogo, mabegi mabegani, akitafuta kwa macho nani amekuja kumpokea. Wala hakuhitaji kusema uongo. Kunyamaza tu kungetosha. Na kunyamaza kulikuwa na mahali pa kujificha, maana kesho yake ni Jumapili, na kwa Bibi Vaimoana simu zote huingia kwenye sanduku la nguo Jumamosi magharibi, hazitoki hadi Jumatatu. Lesieli aliijua sheria hiyo, alilelewa nayo.

Telesia akaipeleka simu sandukuni mwenyewe, bila kuambiwa.

Jumapili baada ya kanisa wakafukua chakula kwenye mawe ya moto: viazi vikuu, na majani ya magimbi yaliyofungiwa nyama ya kopo na tui. Bibi alikula, akaongeza, akamgombeza Mjomba Semisi kwa kusinzia wakati wa mahubiri. Mzima kama kigogo. Telesia alimtazama, akalirudisha tonge sahanini.

"Mbona huli?"

"Nimeshiba, Bibi."

"Basi acha kuniangalia kama unanipima sanda."

Jumatatu asubuhi sanduku likafunguliwa, simu ikaamka na ujumbe juu ya ujumbe. Wa mwisho ulikuwa mfupi. "Nimezungumza na mwenye shamba. Amesema niende, ila nafasi yangu atapewa mwingine. Nafunga mizigo. Nipe neno moja tu, mwanangu, yupo au hayupo?" Sauti ilikuwa imekauka, sauti ya mtu aliyelia siku nzima.

Siku zote Telesia alipomwota mama yake akirudi, alirudi anacheka. Hakuwahi kumwota na sauti ile.

Akafungua rekodi. Mwalimu alikuwa amewaambia kwamba kilichokatwa hakipotei, kinafichwa tu. Akazishika zile ncha mbili, akazitenganisha, pumzi ya Bibi ikarudi na mluzi wake. Akautuma ule mstari, na maneno chini yake: "Bibi ni mzima. Pumzi niliikata mimi, nikanyamaza makusudi. Nilitaka uje. Nisamehe, Mama."

Jioni ikaja sauti ya pili. Nyuma yake trekta lilinguruma, na mwanamke fulani akacheka. Telesia akainyamazisha mistari mingine yote, akamsikiliza mama yake peke yake. Pale mahali pa pumzi, sauti ilitandazwa, ikakaa, ikamngoja mtu aliye mbali.

Akamwita Bibi, akampa kisikilizi kimoja, akamweleza yote bila kuficha. Bibi akasikiliza wimbo hadi ukaisha, akiuzungusha waya kidoleni.

"Alishafunga mizigo?"

"Alikuwa anafunga."

"Nawe ukamwambia mimi mzima."

"Ndiyo, Bibi."

Bibi Vaimoana akatazama nje, upande wa barabara inayotoka uwanja wa ndege. "Umefanya vyema," akasema. Akautoa waya kidoleni. "Lakini ungeniuliza kwanza. Ningeweza hata kukohoa kidogo."