Kiti cha Karibu na Choo

Ukoo wetu haujawahi kuugua. Watu hufa, ndiyo, lakini hufa kwa hali ya hewa. Kwa hiyo nilipoanza kuharisha damu, mwaka wa tisini na sita, Voi nzima ilishtakiwa kabla mimi sijapimwa. Baba, mzee Alwi mwenye duka la vitambaa, alilaumu maji ya mfereji. Mama alilaumu kabichi za Werugha, eti hupigwa dawa nyingi. Shangazi Nasima, dada yake baba, alilaumu vumbi la Ndara, mahali nilipofika mara moja tu, kwa safari ya shule.

Gibson wa duka la dawa hakumlaumu mtu. Kwake kila tumbo lina amiba, akanipa vidonge vya amiba mwaka mzima kwa moyo mkunjufu. Amiba, kama walikuwepo, walikufa mapema. Mimi nikabaki mifupa.

Jambo moja tu halikutajwa, nalo ni damu ya ukoo. Nilikuwa nimechumbiwa na Fuad, mtoto wa huyo huyo shangazi Nasima, na nilimpenda, jambo ambalo katika kuozana mabinamu huhesabiwa kuwa bahati ya ziada. Ugonjwa ukionekana umetoka ndani, nani angepika pilau ya harusi? Afadhali vumbi. Vumbi halinuni.

Shangazi mwenyewe alikuwa na kovu la tumbo tangu ujanani. Tuliambiwa ni kidole tumbo. Tena kila nyumba aliyoingia alichagua kiti kilicho karibu na choo, na watu wakamsifu kwa unyenyekevu.

Damu ilipozidi, Baba alitupakia kwenye Peugeot yake kwenda Mombasa. Shangazi alijialika, ili awasaidie wazazi wangu kujibu maswali. Tulisimama Maungu, Mackinnon Road na Mariakani kwa ajili ya tumbo langu, na kila tuliposimama shangazi alinitangulia kushuka.

Daktari alikuwa Mtaita mpole aitwaye Mwandawiro. Alinipiga eksirei, akaniingiza kamera, kisha akatuita sote.

"Utumbo umevimba na una vidonda," alisema. "Ni moja kati ya mawili. Ama ni kifua kikuu cha utumbo, ama ni ugonjwa uitwao Crohn. Huo wa pili, kinga ya mwili inagombana na bakteria wa tumboni."

"Wa kwenye kabichi," Mama alisema.

"Kila mtu anao, mama. Hata wewe."

Mama alijipangusa mikono kwenye buibui.

Daktari aliendelea kwa subira. Mtu huzaliwa na urithi fulani, bakteria wake wakavurugika, pengine kwa dawa nyingi, kisha mazingira yakachochea. Hakuna kimoja kinachotosha peke yake, na jeni zenyewe wataalamu walikuwa bado wanazitafuta. Baba aliposikia mazingira alitulia. Mazingira tulikuwa tunayajua.

"Shida yangu ni hii," daktari akaniambia. "Dawa ya Crohn hulaza kinga ya mwili. Nikikupa nawe una kifua kikuu, naweza kukuua. Nikikupa ya kifua kikuu nawe una Crohn, utazidi kuisha. Vipimo havijaniamulia. Kuna mtu wa ukoo mwenye tumbo kama hili?"

"Hakuna," Baba alisema.

"Hakuna kabisa," Mama alisema.

Wote wawili wakamgeukia shangazi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, bila shaka. Alikuwa anatazama mikono yangu, jinsi bangili zilivyoteremka mpaka kwenye vidole.

"Haikuwa kidole tumbo," alisema. "Walinikata kipande cha utumbo. Na mama yetu alikwenda hivi hivi, Alwi. Wewe wajua."

"Nasima."

"Wajua."

Mama ndiye aliyeuliza. "Na Fuad je?"

"Fuad ni nani?" daktari akauliza.

"Mwanangu," shangazi akajibu. "Mchumba wake."

Daktari aliweka kalamu mezani. Alisema watoto wetu wangeweza kuzaliwa wazima na wakaishi wazima, lakini urithi ukitoka pande mbili hatari huongezeka. Shangazi alilia waziwazi, hakujifunika uso.

"Basi nimekosa mkwe," alisema. "Mtibu mtoto."

Dawa ya Crohn ilinikubali. Damu ilikauka, uso ukavimba kwa dawa hiyo ukawa duara, nikala kabichi. Uchumba ulivunjwa kimya kimya, na ukoo ukatangaza sababu: hali ya hewa ya Voi hainifai kuanza maisha. Mwaka uliofuata Fuad alimwoa Zubeida wa Taveta. Niliumia, na sitajifanya sikuumia.

Nilihudhuria harusi. Ukumbi wa wanawake ulijaa mpaka mlangoni, na tumbo langu, ambalo siku hizo lilikuwa na adabu, lilichagua saa ile kukumbuka ukoo wake. Shangazi, mama wa bwana harusi, alikuwa kwenye kiti chake kile kile, karibu na choo. Aliniona, akasimama mbele ya wageni wote, akanishika mkono na kunikalisha pale.

"Kaa," alisema. "Mimi leo nitasimama."

Alisimama mpaka bibi harusi alipotolewa.