Pikapu Iliyoamshwa na Mlima

Mama Kasoki alisadiki Ekaristi Takatifu, maharage ya Nyabiondo, na kwamba injini ya dizeli isihukumiwe ikiwa imeshaamka na kunywa chai. Ukitaka kuijua, ikute kitandani. Kwa hiyo alifika kwa Munyakazi, mwuza pikapu wa milima ya Masisi, mapema sana, ng'ombe wakiwa bado wanakamuliwa, akasalimia kwa mdomo huku kiganja chake kikiwa tayari juu ya boneti ya pikapu, kama muuguzi anayempima mtoto homa.

Boneti ilikuwa ya moto.

"Ni jua, Mama," alisema Munyakazi.

Jua lenyewe lilikuwa bado nyuma ya mlima, halina habari ya kesi hiyo.

"Basi nitangojea jua lipoe," alisema Mama Kasoki, akaketi juu ya gogo.

Kungoja alikujua. Duka lake lilikuwa Walikale, chini msituni, na miaka miwili nyuma alikuwa na pikapu nzuri yenye ufunguo mtiifu: ukiugusa tu, injini inaitika. Siku moja watu wenye bunduki waliugusa, injini ikawaitika na wao, na hakuiona tena. Tangu hapo chumvi na sabuni zake zilisafiri kwenye migongo ya watu. Sasa kiunoni alikuwa amefunga akiba ya kununua pikapu moja. Si moja na ya pili ya kubadilisha. Moja. Hiyo nayo ikichukuliwa, duka limefungwa.

Aliitazama vizuri. Pikapu ya Munyakazi haikuwa gari, ilikuwa mkutano wa magari. Injini ilitoka kwenye lori lililotumbukia bondeni. Springi zilikuwa za lori hilohilo, zimepangwa mara mbili. Bomba la hewa lilipanda kando ya kioo hadi juu ya paa, ili gari livuke mto bila kunywa maji. Mlango mmoja ulikuwa mweupe, mwingine wa kijani, na nyuma kabisa mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: MUNGU NJO ANAJUA, yaani Mungu ndiye ajuaye.

Mama Kasoki alikunywa vikombe viwili vya maziwa vilivyoletwa na Drocella, mke wa Munyakazi. Boneti ikapoa.

"Haya, amsha."

Munyakazi akakohoa. "Tusukume kidogo tu, Mama."

"Demarere yake, ile ya kuamsha injini kwa ufunguo, iko wapi?"

"Demarere?" Munyakazi alizungusha mkono juu ya bonde zima, kama mtu anayegawa urithi. "Huku Masisi demarere njo mulima. Unaachia breki, inatelemuka, unatia vitesi, ile gia, inaamka. Mwaka wa ine huu."

"Na batri?"

"Batri iko na kazi," Drocella alijibu kutoka ndani. Mama Kasoki akachungulia. Simu kumi na moja za majirani zilikuwa zimelala kuizunguka ile betri, zikinyonya umeme kama vitoto vya nguruwe.

"Papa Munyakazi, ulishafika Walikale?"

"Bado."

"Walikale, kule duka yangu iko, hakuna mulima. Iko sawa kama meza."

Munyakazi alicheka kwa adabu, kama mtu anavyochekea mzaha wa mgeni. Kisha akaona mgeni hacheki. Alizaliwa kwenye mteremko, akaoa kwenye mteremko, na ng'ombe wake hawakuwahi kusimama miguu yote ikiwa sawa.

"Sawa kabisa?"

"Kabisa."

"Sasa mvua ikinyesha, maji inaendaka wapi?"

Swali hilo serikali nzima ilikuwa imeshindwa kulijibu. "Nipeleke fasi iko sawa," alisema Mama Kasoki. "Nitaendesha mwenyewe."

Fasi hiyo ilikuwa moja tu: uwanja wa mpira. Pikapu ikateremka kimya, ikapiga chafya, ikatoa moshi mweusi na kuamka kwa sauti nene iliyompendeza Mama Kasoki kuliko alivyotaka ionekane. Katikati ya uwanja akaizima. Vijana wanane walikuwa wakicheza. Akawaita wote.

Wanane waliposukuma, iliamka kabla ya kufika penalti. Akapunguza wawili: sita wakaiamsha karibu na goli. Wanne wakaisukuma polepole kama jeneza la tajiri, na haikuamka.

"Sasa watano," alisema, na moyo wake ulikuwa umetulia. Kule Walikale, njia ya kwenda machimbo ya Omate ilijaa wachimbaji waliotafuta lifti. Watapanda bure, watasukuma.

Hapo ndipo watu watatu wenye bunduki walipoingia uwanjani. Walikuwa wa kundi ambalo jina lake lilibadilika kila msimu wa maharage.

"Gari hii inaenda misheni," alisema mkubwa wao. Akaingiza mkono dirishani na kuzungusha ufunguo. Kimya. Akauzungusha tena.

"Inasukumwaka," alisema kijana mmoja, ambaye wenzake walimtazama kwa macho ambayo hatayasahau.

"Vizuri. Wote musukume. Mama, wewe utaiamsha, kiisha utashuka."

Vijana wanane, Munyakazi, na wenye bunduki wawili: kumi na mmoja. Watano pengine wangetosha. Mama Kasoki alijua pia kwamba pikapu bado ni ya Munyakazi. Angeiamsha, angeshuka, angerudi kwake na akiba yake kiunoni, na hasara isingekuwa yake.

"Sukumeni, batoto yangu," alisema, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Taa za nyuma hazikumsaliti, kwa kuwa betri ilikuwa kwa Drocella. Ndala ziliteleza kwenye majani. Mama Kasoki alisali Salamu Maria kwa sauti, akiomba gari liamke, huku miguu ikiikandamiza breki chini ya kitenge. Yule kijana mwenye mdomo, aliyekuwa kando ya mlango, aliiona miguu. Akaanza kuguna zaidi na kusukuma kidogo. Mguno ukaenea kwa wenzake kama kikohozi wakati wa mahubiri.

Pikapu haikusogea.

"Asubui ilitembea?" aliuliza mkubwa, jasho likimtoka kwa kuamuru.

Munyakazi alivua kofia. "Ilitembea, chef. Hata mugonjwa anatembeaka siku ya mwisho."

Mkubwa alipiga teke gurudumu, akaumia kidole, akaondoka na watu wake kwa miguu. Walichukua mpira.

Walipopotea nyuma ya mihogo, Mama Kasoki alitoa mguu mmoja kwenye breki, halafu wa pili. Munyakazi alikuja dirishani, bado ameshika kofia.

"Ulikanyaga," alisema polepole. "Na haiko yako."

"Sasa ni yangu." Alikuwa tayari anafungua fundo kiunoni. "Na feza ya mupira ya hawa batoto utapunguza kwa bei yako."

"Lakini Mama, hatujapima breki."

"Breki nimekwisha kupima."

Kisha akachagua watano, yule mwenye mdomo akiwa wa kwanza, akawaonyesha mahali pa kushika. Iliamka ikiwa imeupita kidogo tu mstari wa goli.