Mteja Hajipakulii

Nyie hamjawahi kufanya kazi duka moja na baba yenu, basi msiniambie kitu kuhusu subira.

Mwaka wa sabini na nane kampuni ilivunja kaunta ya saruji katika duka la Kaloleni, ile iliyojengwa pamoja na jengo lenyewe enzi za mkoloni. Wakapanga rafu mpya, wakaandika mlangoni: SUPAMAKETI, JIHUDUMIE. Mimi nikawekwa kwenye mashine ya pesa. Baba yangu, Mzee Zahoro, aliyeuza nyuma ya kaunta hiyo miaka ishirini na mitano, akabakizwa kwa mwezi mmoja wa majaribio. Akishindwa na mtindo mpya, aende nyumbani. Na nyumbani kuna mama na wadogo zangu wanne.

Kazi yenyewe ilikuwa nini? Kusimama tu, watu wajichukulie. Lakini baba, lahaula! Mtu akinyoosha mkono rafuni, yeye keshafika.

"Ngoja, mama. Mteja hajipakulii. Sema wataka nini."

Akiambiwa majani ya chai, anazunguka duka zima, kisha ananipigia kelele, "Lela! Majani wameyaweka wapi hawa?"

"Yako mbele ya pua yako, baba!"

Na wateja nao! Mama Kavutha, muuza mboga, aliingia kwa hodi, akasimama pale kaunta ilipokuwa, akakunja mikono. Nikamwambia achukue sukari mwenyewe. Akanitazama kama niliyemfunza wizi. "Mimi namngoja mzee," akasema. Nilitamani kulia.

Nyumbani nilimsema baba mpaka nikachoka. "Rafu hizi hazina adabu," akanijibu. "Zamani kila kitu kilikuwa na mahali pake." Nikamwambia, watakufukuza baba, tutakula hiyo adabu?

Jumamosi ya mwisho ya majaribio akaja Bwana Muturi, mkubwa wetu kutoka ofisi ya mjini. Duka limejaa. Asubuhi nilikuwa nimemwonya baba: leo usimguse mtu. Na kweli hakumgusa mtu. Alisimama kando, mikono nyuma, akiwapisha. Mama Kavutha alimwita mara mbili, baba akamwonyesha rafu kwa kidevu tu. Bwana Muturi akatabasamu. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, tumepona.

Ndipo Bwana Muturi akampa karatasi na vibandiko. "Kazi ndogo tu, mzee. Bei zimebadilika. Tafuta kila jina lililoandikwa hapa, ubandike bei yake."

Baba akaitazama karatasi. Akapapasa mfuko wa shati. "Samahani, bwana. Miwani nimeisahau nyumbani. Lela atanisomea."

Foleni yangu ilikuwa imefika mlangoni, na mimi mdomo wangu hauna breki. "Miwani gani tena, baba? Tangu lini wewe ukawa na miwani? Si jana tu uliiona senti kule mlangoni ukaniambia niiokote?"

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka.

Bwana Muturi hakucheka. Alichukua kopo moja rafuni, akamtia baba mkononi. "Hebu nisomee hili, mzee. Herufi kubwa hizo."

Baba aliligeuza kopo lile huku na huku. Kisha akanitazama, wala si kwa hasira. Hapo ndipo nilipoelewa, na nikatamani ulimi wangu ukatike. Nilitaka kusema ni utani, miwani anayo, iko juu ya kabati. Lakini baba akanitangulia.

"Hili sijui limeandikwa nini, bwana," baba akasema. "Ila zamani lilikaa rafu ya tatu, kando ya chumvi."

Bwana Muturi akashusha pumzi. "Pole, mzee. Jumatatu pitia ofisini, uchukue barua yako."

Nikainuka kitini.

"Kaa, Lela," baba akasema, huku akifungua aproni yake. "Kaa, mwanangu. Watu wanangoja."