Jumapili za Fundi

Tangu Fundi aanze kusahau, kitu kimoja tu kilikuwa hakijamtoka kichwani: safari ya kwenda Sebuleni. Wajukuu aliwachanganya, mlango wa chooni nyumbani kwake aliutafuta kama mgeni, lakini kila asubuhi alivaa shati, akafunga vifungo kombokombo, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango kumsubiri mkewe amshike mkono.

Sebuleni ni jina walilolitoa wazee wenyewe. Serikalini ilisajiliwa kama asasi yenye jina refu la kuchosha, ila ukiingia ulikuta chumba kimoja kipana nyuma ya duka la rangi, viti visivyofanana na birika kubwa la chai. Mwanzilishi wake alikuwa muuguzi mstaafu ambaye mji mzima ulimwita Sista. Wazee waliopotewa na kumbukumbu walishinda pale hadi alasiri, ili jamaa zao wapate kwenda kazini, au walale usingizi wa mtu asiyetega sikio.

Fundi alikuwa amewashonea suti nusu ya wanaume wa mji ule. Sista alimwekea vitambaa chakavu na chaki, naye akapima, akachora, akakata suruali ambazo hakuna mtu angezivaa. Jirani yake wa kiti alikuwa mzee aliyewahi kuchezesha mpira, Refa, ambaye bado alivaa filimbi shingoni. Chai ikichelewa, filimbi inalia, na Sista anaoneshwa kadi nyekundu.

"Refa huyu kahongwa," Fundi angesema bila kuinua macho kwenye kitambaa, na chumba kizima kingeangua kicheko, hata wale waliokuwa hawajui kinachochekwa.

Mkewe Fundi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Watu walimwita Mwalimu, na walimheshimu kwa sababu hakuwa na mzaha na haki. Ndiyo maana alikaribishwa kwenye kamati ya ruzuku ya Mfuko wa Jamii, ule uliochangiwa na wenyeji na kila mwaka ukazisaidia asasi ndogondogo za pale mjini. Mwaka wake wa kwanza alikuta mjumbe mmoja akiitetea kwa mbwembwe timu ya mpira, kumbe timu ni ya kaka yake. Mwalimu alikuja juu. Ikatungwa kanuni, na aliyeitunga ni yeye: mjumbe mwenye ndugu kwenye asasi inayoomba, atoke nje wakati asasi hiyo inajadiliwa.

Sebuleni iliishi kwa ruzuku hiyo. Miaka yote ilipita bila ubishi, Mwalimu akitoka na kurudi kabla kiti hakijapoa. Lakini mwaka ule zahanati ya upande wa pili wa mji nayo iliomba, ikitaka kujenga chumba cha kujifungulia, na fungu halikutosha zote mbili.

"Mwalimu, kaa tu," alisema mwenyekiti, mfamasia mpole mwenye sauti ya chini. "Wewe ndiye unayepajua pale. Hapa nani atakayekushuku?"

Wajumbe wengine wakaitikia. Kweli hakuna aliyemshuku.

"Kanuni ni kanuni," Mwalimu akajibu, akiokota mkoba wake. "Leo nikibaki mimi, kesho atabaki mwingine kwa ajili ya shemeji yake."

Akatoka. Kwenye korido aliketi kwenye benchi la mbao, mgongo umenyooka. Kutoka ndani alisikia sauti bila kuyashika maneno. Na tusimsingizie, moyoni alijisikia vizuri, kama zamani alipokuwa akisimama mbele ya shule nzima akijua hakuna mzazi awezaye kumnyooshea kidole.

Alipoitwa, hakuna aliyemtazama usoni.

"Tumewapa zahanati," mwenyekiti alisema. "Ni watoto wachanga, Mwalimu. Utatuelewa."

"Na Sebuleni?"

"Mwaka huu, hapana. Mjumbe mmoja aliuliza ni wazee wangapi waliopata nafuu tangu waanze kwenda pale. Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu."

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa nje, kwenye benchi, limeketi na mkoba mapajani. Kura ilikwisha kupigwa.

Sista alikuwa anaosha vikombe Mwalimu alipompelekea habari. Hakupiga kelele. Alisuuza kikombe, akakifunika juu ya meza, akachukua kingine.

"Wewe uliwaambia nini?"

"Sikusema kitu. Nilitoka nje."

"Ulitoka nje," Sista akarudia polepole. "Hao wengine hawajawahi kukanyaga hapa, Mwalimu. Aliyekuwa anajua ni wewe peke yako."

Mwisho wa mwezi chumba kilirudishwa kwa mwenye duka la rangi, akakijaza ndoo za rangi. Sista akapata kazi ya zamu hospitalini.

Kesho yake asubuhi Fundi alivaa shati, akakaa kwenye kiti chake.

"Mama, tunachelewa. Refa atanipiga kadi."

Mwalimu, ambaye maisha yake yote hakujua kupinda neno, alipiga magoti mbele yake na kumwambia ukweli: Sebuleni pamefungwa, hapafunguliwi tena. Fundi alimsikiliza, akalia kama aliyeletewa habari ya msiba. Ilichukua asubuhi nzima kumbembeleza. Siku iliyofuata akavaa shati tena, akakaa tena. Akaambiwa tena, na kilio kikawa kipya, maana kwake habari ilikuwa mpya.

"Mama, unamuua baba," binti yao alisema kwenye simu. Aliishi mji mwingine na mumewe. "Mwambie ni Jumapili. Basi."

"Nimdanganye baba yako?"

"Kwani ukweli umemsaidia nini?"

Asubuhi iliyofuata, Fundi alipouliza, Mwalimu alimfungua vifungo vile vya kombo, akavifunga sawasawa.

"Leo Jumapili, baba watoto. Hakuna kazi."

"Jumapili?" Uso wa Fundi ukakunjuka. "Ala! Kumbe najisumbua bure. Basi kaa, Mama, tupumzike."

Kuanzia hapo kila siku ikawa Jumapili. Walikaa wawili sebuleni kwao, redio ikiongea peke yake. Mwalimu alijaribu kumpa kitambaa na mkasi. Fundi alivigeuza mikononi na kuviweka chini, kwani mkewe si mteja na ile nyumba si karakana. Taratibu akaacha kupima watu mabega kwa macho, akaacha utani. Halafu ikaja asubuhi ambayo hakulitafuta shati wala hakuuliza. Mwalimu alisimama na uongo wake mdomoni, hana wa kumpa. Aliingia jikoni, akafungulia bomba la maji ili asisikike akilia.

Msimu wa mvua Refa alifariki. Mkwewe aliyekuwa akimtunza alikwenda kazini akamfungia ndani. Mzee akatoroka kupitia dirishani, akaenda zake kiwanja cha mpira. Walimkuta amelowa chapachapa katikati ya uwanja. Homa ya mapafu haikumpa nafasi.

Msibani Fundi alipeana mikono na wafiwa kwa adabu zote.

"Poleni sana," akasema, kisha akamgeukia mkewe kwa mnong'ono. "Mama, aliyefariki ni nani?"

Mkwewe Refa alisikia. Alimtazama Mwalimu, macho mekundu. "Nisingemfungia," akasema. "Wallahi, ningekuwa na pa kumpeleka nisingemfungia."



Wiki hiyo Mwalimu alijiuzulu kwenye kamati. Alimfuata Sista nyumbani kwake, akasimama mlangoni hadi alipoambiwa aingie. Wakaandika maombi upya, wote wawili. Siku ya kusikilizwa waombaji, Mwalimu aliingia ukumbini na kuketi upande wa pili wa meza, mbele ya watu aliokuwa akikaa nao bega kwa bega.

"Mliuliza wangapi wamepata nafuu," alianza. "Hakuna. Wala hatapona hata mmoja. Hiyo siyo kazi ya pale. Mume wangu alikuwa na mahali ambapo bado ni fundi. Refa alikuwa na mahali ambapo watu bado wanaitii filimbi yake. Leo mmoja yuko kaburini, na mwingine anakaa kwangu tu. Ninyi hamkujua. Mimi nilijua, na nikainuka nikatoka."

Mwenyekiti alivua miwani. Safari hii hawakunyimwa.

Sebuleni pakafunguliwa tena, chumba kilekile, kuta bado zinanuka rangi. Mwalimu alimvalisha Fundi shati zuri, akamleta. Mlangoni mzee alisimama.

"Hodi! Wenyewe wapo?"

"Karibu, Fundi," Sista akasema, akimshika mabega. "Karibu kwako."

Aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyepita kusalimia tu. Sista akamwekea kitambaa na chaki mbele yake, kama zamani. Fundi akavitazama, akavisogeza pembeni kwa upole.

"Asante, mama. Nimeshashiba."

Sista akageukia dirishani. Mwalimu alibaki ameushika mkono wa mumewe, ambao sasa ulikuwa mwepesi.

"Twende nyumbani," Fundi akamwambia. "Wenye nyumba wasije wakachoka na sisi."

"Tutakwenda, baba watoto. Subiri kidogo."

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke wa makamo, kitenge kimefungwa vibaya, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Alimwongoza bibi kizee aliyekuwa akimtukana kwa sauti, akidai ameibwa. Mwanamke yule hakujua amkabidhi nani, wala kama aombe radhi.

Mwalimu aliuachia mkono wa Fundi, akainuka, akaenda kumpokea yule bibi.

"Huyu ni mama yangu," mwanamke akaanza. "Samahani, hakuwa hivi, alikuwa..."

"Najua," Mwalimu akasema. "Mwache na sisi. Wewe nenda kalale."