Mpuliza Saksafoni wa Komanda

Soudi alikuwa kwenye foleni tangu kulipokucha. Jua lilipoanza kuchoma mabati ya ofisi, alikuwa bado hajaufikia mlango. Mbele yake na nyuma yake walisimama watu walioumizwa na vita: wajane, wenye mkono mmoja, mzee aliyesukumwa kwa baiskeli kutoka njia ya Kibombo. Lilitoka tangazo kwamba kila aliyeumizwa aandikwe. Soudi alikuwa na miaka sitini na minne. Meno manne ya mbele hakuwa nayo, na akizungumza alifunika mdomo kwa kiganja. Mgongoni alibeba saksafoni ndani ya mfuko wa mchele, kwa kuwa aliambiwa alete ushahidi wa kazi yake.

Karani aliitwa Ephraïm, kijana nadhifu aliyezaliwa vita vikiisha. Alimwuliza nani alimuumiza, wapi, lini. Soudi akaanza kueleza.

Alijifunza kupuliza katika bendi ya tarumbeta ya wafanyakazi wa reli. Halafu fundi mmoja wa garimoshi akamsikilizisha kaseti za blues na rock, na tangu siku ile muziki mwingine wote akauona kama mboga isiyotiwa chumvi. Yeye na rafiki yake Idrissa, mpiga gitaa, wakaanzisha bendi huko Alunguli, ng'ambo ya mto. Wateja walitaka rumba. Walipewa rumba, lakini katikati Soudi aliingiza blues yake, taratibu, mpaka wanywaji wakaweka chupa chini wakasikiliza. Miaka kumi na miwili aliishi kwa pumzi yake mwenyewe, na hakutamani kazi nyingine.

Waasi walipouteka mji, komanda wao alichukua nyumba moja kubwa ya kikoloni karibu na mto. Alipenda muziki. Askari wakaja kumchukua Soudi, naye hakuulizwa kama anataka. Kila Jumapili mchana alisimama barazani akipuliza, na uani, nyuma ya nyumba, waliokamatwa walichapwa. Mwanzoni hakuelewa kwa nini alihimizwa apulize kwa nguvu. Alipoelewa aliendelea kupuliza, maana mwenye bunduki alisimama hatua mbili tu kutoka kwake. Mjini wakampa jina: mpuliza saksafoni wa komanda. Waliozoea kumsalimu wakawa wanavuka barabara.

Jumapili moja, alipotua kuvuta pumzi, akasikia kutoka uani sauti aliyoijua. Ilikuwa ya Idrissa. Akaishusha saksafoni. Askari akamwamuru aendelee, naye hakuendelea. Kitako cha bunduki kikamwingia mdomoni. Idrissa hakutoka katika ua ule, na kaburi lake hakuna aliyelionyesha hadi leo.

Ephraïm alikuwa ameacha kuandika.

“Basi ulikuwa mwanamuziki wa waasi,” alisema.

“Nilikuwa mufungwa, sawa na wengine.”

“Mufungwa anapuliza muziki barazani? Papa, huku tunaandika wale walipigwa. Uko na shahidi?”

Soudi akageuka. Nyuma yake kwenye foleni alikuwa Scholastique, mjane wa Idrissa. Tangu vita hawakuwahi kusalimiana. Mwanamke huyu ndiye aliyesema mbele ya watu, siku za msiba, kwamba muziki wa Soudi ulimuua mume wake. Ephraïm akamwuliza kama anamjua mzee huyu.

Scholastique alijibu akimtazama karani tu.

“Nilisimama inje ya ukuta na sahani ya chakula. Nilisikia ile muziki tu. Nikajisemea, kama wanacheza muziki, bwana yangu iko muzima.” Akasogea mezani. “Halafu ikakatika. Njo pale nikasikia bwana yangu analia. Huyu aliacha. Andika kwamba aliacha.”

Ephraïm akaandika: Idrissa, kisha Soudi. Akawapa wote wawili vikaratasi vyenye namba, akawaeleza kwamba Jumamosi majina yangesomwa uwanjani na Mheshimiwa angetia sahihi. Kisha akamwomba Soudi aje na saksafoni yake, kwa sababu Mheshimiwa ni mpenzi wa muziki, na kidole chake kikaelekea picha iliyotundikwa ukutani. Ilimchukua Soudi muda kumtambua komanda katika sura ile, maana alikuwa amenenepa na kuvaa miwani. Scholastique naye aliiona. Walipotoka nje, Soudi alisema hatakuja.

“Kuja,” Scholastique alimwambia. “Jina ya Idrissa isomwe. Kisha tutaona.”

Jumamosi saa nne uwanja ulikuwa umejaa. Mheshimiwa alikaa chini ya turubai kwenye kiti chenye mito. Soudi aliwekwa pembeni, karibu na kipaza sauti. Ephraïm alisoma majina, na kila aliyeitwa alikwenda mezani kuweka dole gumba. Alipofika kwa Idrissa, Scholastique akasimama.

Ephraïm alitaka mwenye jina aje mwenyewe. Alipokumbushwa kwamba amekufa, akadai karatasi ya kifo.

“Nani angenipa karatasi?” Scholastique akanyoosha kidole kuelekea turubai. “Aliyemuua njo yule pale.”

Watu wakanong'ona, kisha wakatulia. Mheshimiwa hakukasirika. Alivua miwani, akaipangusa, akageuka kwa Soudi kana kwamba waliachana jana.

“Soudi,” alisema. “Puliza.”

Soudi aliitua saksafoni chini, kwenye vumbi. Akabaki amesimama mikono mitupu, akifumba mdomo kungoja pigo. Hakuna aliyempiga. Mheshimiwa aliinua kidole kimoja tu, na fundi wa mitambo akagusa simu yake. Rumba ikamwagika kutoka spika nne. Scholastique alikuwa bado anasema. Mdomo wake ulifunguka na kufungika, na neno halikusikika. Wanawake wa safu ya mbele, waliovaa vitenge vyenye sura ya Mheshimiwa, wakaanza kupiga makofi kwa mdundo. Ephraïm aliweka rula juu ya jina la Idrissa, akavuta mstari ulionyooka. Halafu akaishusha rula hadi kwenye jina lililofuata, la Soudi.