Kofia Zilizofunguka

Kwa siku nne Mwalimu Dorkasi alikaa msibani Rhotia, na kwa siku hizo nne uyoga wake ulikomaa bila mtu wa kuuchuma.

Jambo hilo lilimkosesha raha. Miezi miwili kabla, daktari alimpima kifua akamwambia waziwazi kwamba mapafu yake yameanza kukakamaa kwa sababu ya vumbi la uyoga. Aache, au siku moja atashindwa kupanda ngazi za kanisa. Dorkasi hakuacha. Alikuwa amefundisha Sayansi shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja, na vumbi hilo alilijua. Zilikuwa spora, chembe ambazo uyoga huzaliana kwazo. Chini ya kofia ya uyoga kuna mikunjo myembamba iliyopangana kama kurasa za kitabu. Juu ya mikunjo hiyo huota vijiti visivyoonekana kwa macho, na kila kijiti hubeba spora nne nchani. Ukingo wa kofia ukiwa bado umejikunja, spora ni changa. Kofia ikifunguka na kuwa bapa, spora hurushwa hewani kwa mamilioni.

Basi akajiwekea sharti: atachuma kila alfajiri, kofia zikiwa bado changa. Hivyo angebaki na kifua chake, na uyoga wake pia. Tangu mumewe afariki, chumba kile cha udongo chenye mifuko ya uyoga ndicho kilichomtoa kitandani asubuhi.

Kisha Mzee Hilary, jirani aliyepakana naye shamba, akafariki. Kitongojini kwao, mtu akifa, hakuna anayeshika jembe wala kuvuna chochote mpaka azikwe. Maziko yalipangwa kufanyika kesho yake. Lakini Joseph, mtoto mkubwa wa marehemu, alikwama kwenye tope akitoka Endulen, na bila yeye kaburi lisingefukiwa.

Siku ya pili Dorkasi alimfuata Adrian, msimamizi wa msiba, penye kuni.

"Shemeji, ng'ombe mnakamua?"

"Tunakamua, Mwalimu. Ng'ombe maziwa yakijaa anaumia."

"Na uyoga wangu umejaa."

Wanaume waliokuwa wakipasua kuni wakaacha mashoka.

"Kwani uyoga unalia, Mwalimu?" Adrian aliuliza.

"Haulii. Atakayelia ni mimi."

"Basi lia hapa hapa. Sisi sote tumekuja kwa kazi hiyo."

Walicheka, naye akacheka, mpaka kikohozi kikamkata. Angeweza kupenya kwenye ua akachume kimyakimya. Lakini mumewe alipofariki, Hilary ndiye aliyetangulia kushika sururu kaburini, mvua ikimnyeshea. Dorkasi akarudi kwenye sufuria la makande.

Joseph alifika siku ya nne, wakazika adhuhuri. Dorkasi alirudi nyumbani miguu imevimba, mdogo wake Penina akimfuata nyuma.

"Dada, acha mlango wazi kwanza. Upepo upite."

"Nimengoja siku nne, Penina. Nimechoka kungoja."

Alijifunga khanga mdomoni, akaingia kwenye chumba cha uyoga. Kofia zilikuwa pana kama sahani, kingo zimepinda juu. Unga mweupe ulikuwa umetanda juu ya kofia za chini, juu ya mifuko, juu ya benchi. Kwenye mwanga wa mlango kitu kama moshi kilipanda polepole, wala hapakuwa na moto. Enzi za kufundisha, spora hizo alizichora ubaoni kwa nukta nne tu, kisha akazifuta.

Alijaza nusu kikapu. Halafu pumzi ikaingia kidogo, ikagoma. Alishika benchi, benchi likapinduka naye. Penina alimkokota kwa makwapa hadi nje, akamkalisha barazani. Alipigania pumzi kwa muda mrefu.

"Darasa zima umelifundisha," Penina alisema huku akimpepea, "mwenyewe hukusikia."

"Nilisikia. Nilidhani nitawahi."

Alitazama matuta ya kahawa. Leo ulikuwa msiba. Mwezi ujao ingekuwa mvua, au homa, au msiba mwingine. Sharti alilojiwekea lilihitaji kijiji ambamo watu hawafi.

"Loweka khanga mbili, ujifunge puani na mdomoni," alisema. "Toa mifuko yote. Kaifukie kwenye migomba."

"Yote? Hata ile mipya, isiyoota bado?"

"Hata hiyo."

"Na asubuhi utakuwa unafanya nini, dada?"

Dorkasi aliinua mkono, akaonyesha mlango wa chumba cha uyoga. Mfuko wa kwanza ulipotolewa, aligeuza uso upande wa pili, akaendelea kuvuta hewa kidogo kidogo, kadiri kifua kilivyomruhusu.